Safari ya Kumlinda Mhoja, Mcheza Jembe

Ningemkatalia Mzee Ndaki asubuhi ile, leo msingekuwa na cha kuniuliza. Alinikuta nyuma ya nyumba ya mama nikinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo, akasimama kando mpaka nikamaliza, heshima ambayo mzee wa umri wake hakupaswa kumpa kijana. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Kulwa, wewe umesoma. Macho yako yamezoea kutafuta makosa. Kundi limekubaliana uwe macho ya Mhoja. Asile, asinywe, asipeane mkono na mtu kabla wewe hujaridhika."

Nikasema, "Sawa, mzee." Sikuuliza hata swali moja.

Tangu nistaafu na kurudi kuishi hapa kijijini, mmekuwa mkinizungukia na swali lenu kama kuku anayezunguka mtama ulioanikwa. Mnauliza habari za ngoma za zamani, mnauliza habari za Geita, halafu mnanyamaza. Najua mnachotaka kujua. Nimeona niandike, maana nikisimulia kwa mdomo huwa najipendelea.

Walio wadogo kati yenu hawakuziona ngoma za miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mavuno yakishaingia ghalani, Usukuma wote ulikuwa ngoma. Kila mchezaji alikuwa upande wa Bagalu au upande wa Bagika, na sisi wa hapa tulikuwa Bagalu. Siku ya mashindano makundi mawili husimama kwenye ncha mbili za uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake, yakacheza kwa wakati mmoja. Hapakuwa na mwamuzi. Watazamaji walikwenda walikovutwa, na jua likikaribia kuzama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Ndiyo maana tuliogopana sana. Mtu akikuacha na kwenda kumtazama mwenzako, ni rahisi kusema amevutwa kwa dawa kuliko kukubali kwamba amechoshwa na wewe.

Sisi hatukumchosha mtu, kwa sababu tulikuwa na Mhoja. Alicheza na jembe. Alilirusha juu likapinduka na kumeta, akalipokea nyuma ya mgongo, lakini watu hawakufuata jembe. Walifuata kisulisuli. Mhoja alisimama kwa kisigino cha mguu wa kushoto, akajizungusha pale pale kama upepo wa kiangazi unaonyanyua vumbi, mpaka usiweze kuuona uso wake, kisha akasimama ghafla, jembe begani, akitabasamu kama mtu anayetoka shamba. Wanawake walilia machozi. Mimi pia, na nilikuwa nimevaa viatu vya shule.

Mwaka huo, katika ngoma ya kwanza ya msimu, hapa hapa nyumbani, alianguka katikati ya kisulisuli. Mhoja hakuwa mtu wa kuanguka. Tulikubaliana kwamba kuna mkono wa mtu, na tukaamua kumfuata msimu mzima, uwanja kwa uwanja, tukiwa walinzi wake. Sikuamini sana dawa. Niliamini kuna wasaliti, na hilo lilinifanya niwe mbaya kuliko wale walioamini dawa.

Kutoka nyumbani hadi Mwakitolyo

Tulikwenda kwa miguu, wanaume kwa wanawake, na beberu mmoja wa kuchinja siku tutakayoshinda. Wapo ambao walikuwa hawajauza pamba yao. Mbele alikwenda Mzee Ndaki, mganga na kiongozi wa kundi, na usinga wake. Mpigaji wa ngoma kubwa alikuwa Doto, pacha wangu.

Tulifanana mimi na yeye mpaka watu wazima walikuwa wakitutuma mara mbili kwa kazi moja. Nilitangulia kuzaliwa, kwa hiyo aliniita kaka, mara nyingi kwa dhihaka. Baba alipopata uwezo wa kusomesha mmoja, nikaenda mimi. Doto akabaki na ng'ombe, na huko machungani ndiko alikoshibana na Mhoja. Nilirudi na vyeti nikakuta wana vicheko ambavyo sikuelewa vilianzia wapi. Nasema hili mapema kwa sababu ni sehemu ya hesabu: nilikuwa na wivu kabla sijapewa kazi ya kulinda.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyayo. Mchawi akichota udongo wa unyayo wa mchezaji, walisema, amechukua mguu wake. Nilikata matawi nikafanya ufagio, nikatembea nyuma ya Mhoja nikifuta kila alipokanyaga.

"Mwalimu," akaniita Mama Sayi, mjane aliyetupikia na kutuongozea nyimbo, "ukimaliza kufagia barabara ya serikali, uje ufagie na kwangu."

Walicheka wote. Mhoja alicheka pia bila kugeuka. Nikiwa nimeinama pale nyuma yake niliona kitu: unyayo wa kushoto haukuingia sana mchangani kama wa kulia. Nilikuwa na jambo hilo mbele ya macho yangu, kwa maili nyingi, mimi peke yangu kati ya wote. Nikajiambia kwamba anakanyaga kwa hofu, kwamba anajua adui yuko karibu.

Mwakitolyo tulipokelewa na Baba Limi, Mgalu mwenzetu, mtu mpole mwenye mji mkubwa. Tulipewa ugali wa mtama, nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga, na kuku. Kuku ni heshima. Baba Limi aliweka bakuli moja mbele ya Mhoja na jingine mbele yake mwenyewe. Nikasema, "Baba, samahani. Badilishaneni mabakuli."

Doto aliniangalia. Mzee Ndaki alitazama chini, lakini hakunikataza.

Baba Limi alinawa mikono tena, polepole. Akala tonge kutoka bakuli lake, akala tonge kutoka la Mhoja, akasimama. "Mimi nimekulisha, ng'wanone, mwanangu," aliniambia. "Walionilea mimi walinifundisha hivyo. Wewe sijui walikufundisha nani."

Alituacha tulale kwake. Kesho yake hakuja uwanjani, wala ndugu zake hawakuja, wala majirani wa ndugu zake. Nilihesabu kutokuja kwao kuwa ushahidi kwamba kweli alikuwa na neno.

Bagika walikuja na chatu. Mchezaji wao alimvaa shingoni kama kitambaa, akaimba naye uso kwa uso, na watoto wakapiga mayowe ya raha. Hata hivyo watu walianza kwetu, kwa ajili ya jina la Mhoja. Jembe lilipaa vizuri. Ulipofika wakati wa kisulisuli, Doto aliipa ngoma mwendo wa kupanda, na Mhoja akaanza kuzunguka kwa mguu wa kulia. Haijapata kutokea. Alizunguka kidogo, akayumba, akajishikiza kwa mpini. Doto akabadilisha mdundo upesi ili ionekane ndivyo ilivyopangwa. Watu hawakudanganyika. Walitutoka kama maji kwenye chungu chenye ufa, kimya kimya, na jua lilipoinama tulikuwa tunajichezea wenyewe.

"Mkono uko ndani," alisema Mzee Ndaki. "Adui wa nje nimemfunga. Huyu analala nasi."

Wote walinitazama mimi, macho ya kundi. Nikaanza kuwatazama wao.

Njia ndefu ya Segese

Njia fupi ya Segese ilipita katika mji wa Bagika. Niliamuru tuzunguke. Tukapotea katika pori la miyombo, tukazunguka kichuguu kile kile mpaka Mama Sayi akakisalimu: "Mwadila, baba. Tumerudi. Mwalimu anasema wewe ndiwe Segese."

Maji yaliisha. Chakula kilikuwa michembe tu, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na michembe bila maji humganda mtu kooni kama kizibo. Mchana tulikuta mchungaji amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo yake, ng'ombe wakila majani. Alituhurumia, akatuletea kibuyu cha maziwa mgando, akampa Mhoja kwanza kwa sababu alimtambua. Nilikidaka kibuyu kabla hakijafika mdomoni.

"Hatumjui huyu," nilisema.

"Kaka," akasema Doto, "hata mvua ikinyesha utaiambia ionje kwanza."

Mchungaji alitutazama mmoja mmoja. "Kwani nyinyi mnakwenda ngomani au mnakwenda msibani?"

Tulikunywa wote isipokuwa Mhoja. Alikaa juu ya gogo, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele yake, midomo imepasuka, akasema haidhuru, hana kiu. Aliponyanyuka alimshika Doto bega. Waliongea kwa sauti ya chini wakiwa nyuma yetu kwa muda mrefu. Nilipopunguza mwendo ili niwasikie, waliacha.

Segese ilikuwa siku ya mnada. Kundi lilikaa chini ya mabanda ya wauza pamba, na watu walikuja kumsalimu Mhoja, nami nikiwa mbele yake kama mlango. Adhuhuri niligundua Doto hayupo. Nilimfuata. Nyuma ya mazizi ya mnada nilimwona amechuchumaa na mzee mmoja mwembamba aliyevaa kilemba cha miiba ya nungu. Miiba ya nungu ni vazi la Bagika. Walizungumza kama watu wanaofahamiana. Mzee alifanya ishara kwa mikono yote miwili, kama anayekamua nguo, na Doto aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha mzee akampa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi, na Doto akakitia ndani ya shuka lake.

Nilirudi kabla yake. Alipofika nilimuuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Kutafuta ngozi ya kuwambia ngoma."

"Umeipata?"

"Haikunifaa."

Tulilala tumbo moja, tukanyonya pamoja, na sikumbuki kama aliwahi kunidanganya kabla ya siku ile. Sikumwambia mtu. Nilitaka nimshike na jambo kamili, kama tulivyofundishwa shuleni kwamba jibu bila njia halipati alama.

Kesho yake Mhoja alicheza kama zamani. Alisimama kwa kisigino cha kushoto, akazunguka, vumbi likapanda mpaka magotini, mpaka kiunoni, na Bagika wenyewe waliacha ngoma yao wakaja kuangalia. Beberu alichinjwa. Mama Sayi aliimba mpaka sauti ikakauka. Mhoja alinikumbatia akasema, "Kulwa, umenilinda."

Nami nilikuwa nawaza kibuyu. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini mchezaji amepona siku moja baada ya kibuyu kufika. Mimi nilijiambia kwamba wanatupandisha juu ili tuanguke kutoka mbali zaidi.

Juu ya magunia ya pamba

Ngoma kubwa ya kufunga msimu ilikuwa Geita, mahali penye mgodi wa Wazungu. Wafanyakazi wa kila kabila walitoka siku ya mapumziko, na jina likipatikana huko lilifika mpaka pwani. Mzee Ndaki alipata lori la pamba la kutubeba. Tulikaa juu ya magunia. Doto alikuwa amepakata ngoma, Mhoja ameegemea kando yake, na mimi niliwakabili wote wawili.

Dereva alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mwenye maneno. Alipoelezwa jinsi tunavyopata mshindi, alicheka akapiga usukani. "Kumbe ni wingi wa watu? Basi leo lori langu limeshinda Usukuma mzima!"

Hatukufika mbali. Springi ya nyuma ilikatika kwenye korongo, utingo akatumwa kwa miguu kutafuta nyingine, na sisi tukashinda kivulini mwa lori. Dereva alichemsha chai ya rangi, akatoa maandazi makavu kwenye kikapu, akamletea Mhoja kikombe cha kwanza. Nilikizuia kwa mkono.

"Bwana mkubwa," alisema dereva, "chai hii nainywa mimi tangu Tanga na sijafa. Naona wewe ungefurahi zaidi kama ningekufa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Uchovu wa njia, joto, na maneno ya Mzee Ndaki kwamba mkono uko ndani vilikuwa vimewaingia watu. Mama Sayi alianza kufunika sufuria zake kwa shuka. Wanaume wawili walikaribia kupigana kwa sababu mmoja alikuwa ameruka mguu wa mwenzake, akadhaniwa anamroga. Nilikuwa nimewaambukiza.

Doto alipokwenda kunawa kwenye dimbwi, nilifungua mfuko wake. Kibuyu kilikuwa chini, kimeviringwa katika kitambaa. Niling'oa gunzi. Ndani kulikuwa na mafuta mazito meusi yenye harufu ya mizizi na samli, na yalikuwa yamebaki nusu. Hiyo nusu iliyopungua ndiyo iliyonitia wazimu. Nilisimama nikakiinua juu.

"Hiki hapa," nilisema. "Hiki hapa mkono mlioutafuta."

Walikusanyika. Doto alipanda kutoka dimbwini, maji yanamdondoka kidevuni, akaona nilichoshika. Nilieleza yote: mazizi, mzee mwenye miiba ya nungu, uongo wa ngozi. Nilieleza vizuri. Nilipanga hoja kama niliyekuwa nikisoma mbele ya darasa.

"Ni kweli ulikipokea kwa Mgika?" aliuliza Mzee Ndaki.

"Ni kweli," alisema Doto.

"Cha nini?"

Doto alimtazama Mhoja. Mhoja alikuwa amekaa juu ya gunia lililoshushwa, jembe mapajani. Alilitazama jembe.

"Ni cha mguu," Doto alisema.

"Mguu wa nani?"

Akamtazama Mhoja tena. Nasi tulimtazama, na tulimpa muda. Nakumbuka nzi, na dereva aliyekuwa ameacha kutafuna. Mhoja alipitisha kidole kwenye makali ya jembe, hakusema neno. Mzee Ndaki alichukua kimya kile kuwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa na rafiki. Mimi nilikichukua hivyo hivyo.

Nilikipindua kibuyu. Mafuta yalitoka polepole, yakalala juu ya vumbi bila kuzama.

Mama Sayi peke yake ndiye aliyesema kitu. "Mwulizeni Mhoja mwenyewe. Ana mdomo." Lakini watu walishaanza kupiga kelele kwamba Doto asiingie Geita nasi. Mwingine aliokota jiwe. Doto aliwapita wote akaja mpaka mbele yangu, sura yangu ikinitazama mimi.

"Kaka," alisema, bila dhihaka safari hii, "ni wao wanaonifukuza, au ni wewe?"

Ningeweza kusema ni wao. Ungekuwa uongo, lakini ungemwachia njia ya kurudi nyumbani.

"Ni mimi," nikasema.

Aliichukua ngoma, akaiweka kwenye magunia taratibu, uso wa ngozi ukiangalia juu, kama mtu anayelaza mtoto. Akashuka kwenye korongo na kushika njia ya magharibi, waliyopita wachimbaji wa kwenda Rwamgasa. Mhoja aliinua kichwa Doto alipokwisha kupotea kwenye miti.

Geita

Watu wa Geita walikuwa wengi kuliko nilivyopata kuona mahali pamoja: Wahaya, Wanyamwezi, Wazinza, Wajaluo, Waha, wote wametoka kazini na nguo safi. Bagika walikuwa na wacheza nyoka na wasarakasi. Sisi tulikuwa na Mhoja na kijana wa kuazima kwenye ngoma kubwa.

Nilisimama mstari wa mbele. Nilikuwa nimevionja vyote: chakula, maji, hata kitambaa alichojifutia. Nilijiona nimemaliza kazi yangu vizuri.

Jembe lilipaa, watu wakaguna. Mama Sayi alitoa kigelegele, nasi tukaitikia, na kutoka upande wa pili watu walianza kutujia kwa makundi. Mhoja alitafuta kwa macho mahali pa mpigaji, kama alivyozoea kumtazama Doto kabla ya kisulisuli. Kijana wa kuazima alimtazama tu. Mhoja alipandisha mguu wa kulia, akasimama kwa kisigino cha kushoto, akaanza.

Alizunguka, vumbi likapanda. Uwanja wote ulinyamaza. Nami nilikuwa karibu, kwa hiyo nililisikia goti. Lilitoa mlio wa mhogo mkavu unaovunjwa. Mhoja aliendelea kuzunguka kwa kasi aliyokuwa nayo huku mguu umeshageukia upande usio wake, kisha akaanguka juu ya jembe.

Hakuna aliyecheka, hata Bagika. Waliokuja mbio kumnyanyua kabla yetu walikuwa wao.

Tulimbeba mpaka kwenye zahanati. Dresa alikuwa Mnyasa mtaratibu, aliikata suruali, akalibonyeza goti, akauliza, "Aliumia lini mara ya kwanza?"

"Sasa hivi," nilisema. "Hukuwepo uwanjani?"

"Hili ni la zamani. Hapa pameumia muda mrefu, na kuna mtu alikuwa anapashughulikia, tena mjuzi. Angeendelea, na huyu akapumzika, mguu ungekuwa mguu. Sasa hautakunjika tena."

Mhoja alikuwa macho. Aliwaomba wengine watoke, nikabaki mimi na Mama Sayi, aliyekataa kutoka.

"Niliteleza kwenye mwamba wakati wa palizi," alisema Mhoja. "Kwetu hakuna fundi wa mifupa kama yule mzee wa Bagika. Doto ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyenikanda kila nilipokwenda kulala. Mzee hakutaka hata kujua mimi ni wa upande gani. Alisema goti halina upande."

"Kwa nini hukusema pale kwenye lori?"

Alifunga macho. "Ningesema nini? Watu wameacha pamba zao kunifuata. Niwaambie mchezaji wao wa Bagalu anasimama kwa dawa ya Bagika? Nilidhani Doto atasema. Naye alikuwa anasubiri nimruhusu, kwa sababu nilimwapisha. Niliamini kwamba nisiposema, wewe utamtetea. Ni pacha wako."

Mama Sayi akatoka nje, na kutoka hapo mpaka leo hii hajaniita Mwalimu tena.

Rwamgasa

Niliwaacha Geita nikaenda kumtafuta Doto. Rwamgasa ilikuwa mashimo na vibanda vya nyasi, watu wamejaa vumbi jekundu mpaka kope. Nilivaa kaptura ya kaki na viatu. Kila nilipokaribia, mazungumzo yalikatika, na vitu vikafunikwa. Nilipouliza kama wamemwona Doto, mpiga ngoma, waliniambia hawajui Doto, hawajui ngoma, hawajui hata jina la mahali wanapokaa. Mmoja alinong'ona, "Askari kanzu huyo," nao wakatawanyika. Walikuwa wananitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watu msimu mzima, na nilitambua jinsi kunavyouma.

Nilikata tamaa, nikakaa mbele ya mama mmoja wa Kizinza aliyeuza uji wa ulezi. Kabla sijasema neno alinijazia bakuli.

"Umerudi, Salehe?" alisema. "Si ulisema hapa hupawezi?"

Nilielewa papo hapo kwamba amenidhania Doto, na sikumsahihisha. Nilihofu nikijitambulisha atafunga mdomo kama wengine.

"Nimerudi, mama. Nilikuaga vizuri kweli?"

"Uliniaga. Ulisema utakwenda kokote penye meli. Tena leo umepata viatu!" Alicheka. "Mwenzetu umeokota nini?"

"Nilikwambia lolote kuhusu kwetu?"

Aliacha kukoroga. "Una homa wewe? Si mimi niliyekuuliza? Hapa mtu akifukiwa shimoni lazima tujue pa kupeleka habari. Nikakuuliza una ndugu, ukasema huna. Nikakuuliza hata mmoja? Ukasema ulizaliwa peke yako."

Nilikaa na bakuli mikononi. Uji ulikuwa wa moto, na sikuhisi. Mwishowe nilimwambia mimi ni nani. Aliyatazama macho yangu, mikono yangu isiyo na sugu, viatu vyangu. Uso wake ukafungwa.

"Basi mimi sijasema kitu," alisema, akachukua bakuli mkononi mwangu kabla sijaonja. "Mtu akimkana ndugu yake, huyo ndugu ndiye anayejua sababu."

Mwanza, na kurudi

Nilifika Mwanza kwa lori la chumvi. Nilisimama gatini kila meli ilipoondoka. Nilimuulizia Salehe, nikamuulizia Doto, nikawaonyesha watu uso wangu mwenyewe nikisema, "Anafanana hivi." Walidhani nimechanganyikiwa. Meli zilikwenda Bukoba, Kisumu na Uganda, na Salehe walikuwa wengi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mhoja alikuwa ameshaletwa, na Mzee Ndaki alikuwa amevunja kundi. Mama alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yangu, akanipita, akatoka mpaka njiani akitazama kule nilikotoka. Nilimwambia ukweli wote siku ile ile, na hilo ndilo jambo pekee la safari nzima ambalo silijutii. Hakunilaani. Aliendelea kupika kwa ajili ya watu watatu, Doto akiwemo, mpaka alipofariki.

Mhoja alilima kwa mguu mkavu, akaoa, akapata watoto. Tulisameheana, ingawa hatukuwahi kukaa wawili bila mtu wa tatu, na nilikuwa mmoja wa walioshika jeneza lake. Mimi nilipata kazi ya ukarani, nikahamishwa mji baada ya mji, na kila mji niliuliza.

Mnataka kujua ilinigharimu nini kumwambia Mzee Ndaki "sawa". Mhoja ilimgharimu mguu, na mama ilimgharimu mwanawe. Mimi ilinigharimu Doto. Sikumwona tena. Sijui aliishi wapi, alimwoa nani, wala kama amekufa sijui kaburi lake liko nchi gani. Na kama bado yu hai, anaishi kwa jina lisilo lake, mzee kama mimi, mwenye uso huu huu, na hana ndugu.